Maswali ya Bustani: Kitunguu Saumu cha Maua

Katika toleo lililopita tuliutaja, kwa sentensi mbili tu, mmea wa maua ya zambarau hafifu unaopandwa kando ya vijia na kuta za nyumba nyingi za Nairobi, ambao majani yake hunuka kitunguu saumu mara yanapokatwa au kukanyagwa. Sentensi hizo mbili zimeleta barua nyingi kuliko yote tuliyowahi kuandika kuhusu waridi, na kwa hiyo ukurasa wote wa leo nimeutengea mmea huo.

Kwanza jina, ili tusije tukazungumza kila mtu lake. Wataalamu wa mimea huuita Tulbaghia violacea. Neno la kwanza linatokana na Ryk Tulbagh, aliyekuwa gavana wa Rasi ya Tumaini Jema kuanzia mwaka 1751 hadi alipofariki mwaka 1771, na la pili lataja rangi ya maua. Kwao ni Afrika Kusini, hasa Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal. Wauza miche wa kando ya Ngong Road na Kiambu Road huuita kwa majina ya Kiingereza ambayo hubadilika kutoka kibanda kimoja hadi kingine. Mimi hapa nitauita kitunguu saumu cha maua, ingawa si kitunguu saumu halisi bali ni jamaa yake wa ukoo mmoja.

SWALI: Kwa Mshauri wa Bustani. Katika nyumba tuliyopanga hapa Lang'ata, tulikuta mistari miwili ya mimea kando ya ukuta. Wa mbele una majani membamba kama nyasi, na wa nyuma una majani mapana zaidi. Mama mkwe alipotutembelea kutoka Nyeri, alichuma jani, akalinusa, akasema hiki ni kitunguu na kinafaa kutiwa katika viazi. Mume wangu alikataa katakata, akisema rafiki yake aliwahi kuambiwa kwamba maua hayo yana sumu. Tangu siku hiyo hakuna anayeyagusa. Nani kati yao asema kweli? – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Dada yangu, huenda wote wawili wanasema kweli, kwa sababu mistari yenyewe ni miwili. Kwa maelezo uliyotoa, ule wa mbele una dalili zote za kitunguu saumu cha maua, na ule wa nyuma yaelekea ni agapanthasi, mmea mwingine uliotoka Afrika Kusini na ambao umejaa katika bustani za Nairobi kiasi kwamba wengi hudhani ni wa hapa hapa. Utomvu wa agapanthasi huwasha ngozi na mdomo, na mmea huo hauliwi. Watunza bustani hupenda kuipanda mimea hii miwili pamoja, mfupi mbele na mrefu nyuma, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwani mpishi mwenye haraka hunyoosha mkono na kuchuma chochote kilicho karibu.

Njia ya kuitofautisha ni pua, lakini pua nayo ina namna yake ya kutumiwa. Jani zima la kitunguu saumu cha maua, likiwa halijaguswa, halinuki sana. Harufu huzaliwa pale jani linapopondwa, kwa kuwa ndani yake mna kimeng'enya na kiini chenye salfa ambavyo hukaa mbalimbali mpaka seli zinapopasuka na kuviachilia vikutane. Kitunguu saumu cha jikoni nacho hufanya kazi kwa utaratibu uo huo. Kwa hiyo chuma jani moja, livunje katikati, ulipikiche kati ya vidole, kisha unuse. Kabla ya kujaribu mmea wa pili, nenda ukanawe mikono kwa sabuni. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na kuiruka ni kosa kubwa: vidole vilivyokwisha kupikicha jani la kwanza vitanuka kitunguu saumu kwa muda mrefu, na kila utakachoshika baadaye, hata nyasi za uani, kitaonekana kuwa kitunguu saumu. Nashuku kwamba baadhi ya watu wanaosema waliumwa tumbo kwa kula mmea huu walikula kitu kingine kabisa kilichopita katika mkono wenye harufu.

Baada ya pua, tumia macho. Majani ya kitunguu saumu cha maua ni membamba, yenye rangi ya kijani kilichochanganyika na kijivu, na urefu wake ni kama sentimita 30. Maua husimama juu ya bua moja refu lisilo na majani, kiasi cha sentimita 30 hadi 60 kutoka ardhini, yakiwa yamekusanyika kileleni kama mwavuli uliofunguliwa nusu. Kila ua lina ncha sita, na ukiliangalia kwa karibu utaona katikati kitaji kidogo kilichoinuka kuzunguka tundu la ua. Agapanthasi nayo hubeba maua yake kama mwavuli, lakini ni makubwa zaidi, ya buluu au meupe, bila kitaji hicho, na majani yake yanaweza kuwa mapana kama mkanda wa suruali. Kuna pia yale maua ya rangi ya waridi au meupe yanayochomoza ghafla baada ya mvua kubwa, kila bua likiwa na ua moja pekee. Majani yake ni membamba kama ya kitunguu, lakini hayana harufu, na kitunguu chake kina sumu. Mmea wowote ambao jani lake lililopondwa halinuki kitunguu saumu, mwambie mama mkwe autazame tu kwa macho.

Jambo la mwisho kwako na kwa yeyote aliyenunua mche hivi karibuni: hujui mche huo ulipuliziwa dawa gani ulipokuwa kwa muuzaji. Kata majani yote yakiwa yamebaki vidole vitatu juu ya udongo, yatupe, kisha ule yale yatakayochipuka upya katika bustani yako. Na ikiwa mstari wenu uko ukingoni kabisa mwa barabara ya magari, uacheni uwe wa maua, mpande kichaka kingine karibu na jikoni.

SWALI: Nimestaafu na ninaishi Embakasi. Nilinunua miche kumi na miwili ya mmea huu. Kwa kuwa udongo wetu ni ule mweusi unaopasuka, nilichimba mashimo mazuri, nikajaza udongo mwekundu niliouleta kwa gari kutoka Kikuyu pamoja na samadi. Mvua za Aprili zilipokuja, miche tisa iligeuka manjano, ikalegea na kuoza kuanzia chini. Nilikosea wapi, ilhali nilifuata kila ushauri? – Mzee wa Embakasi

JIBU: Shikamoo mzee. Kosa halikuwa katika bidii yako, bali katika shimo lenyewe. Udongo mweusi wa pamba, ambao ndio uliotawala upande wa mashariki na kusini mwa jiji, kuanzia Embakasi hadi Syokimau na Athi River, huvimba unapolowa na kuziba kila kijitundu ambacho maji yangepitia. Unapochimba shimo ndani yake na kulijaza udongo mwekundu unaopitisha maji, unakuwa umetengeneza karai: mvua inaingia kwa urahisi katika ule udongo mwekundu, inafika chini na kandokando, inakuta ukuta usiopenyeka, nayo inabaki pale pale pamoja na mizizi. Kadiri shimo lako lilivyokuwa zuri na kubwa, ndivyo karai lilivyobeba maji mengi. Mimi mwenyewe niliua vichaka saba kwa njia hiyo hiyo nilipohamia upande wa South C, na kwa muda mrefu niliwalaumu konokono.

Kitunguu saumu cha maua huvumilia karibu kila kitu isipokuwa kukaa na miguu ndani ya maji. Sehemu yake ya chini ni shina nene lenye nyama, linalohifadhi maji na chakula kwa ajili ya kiangazi, na akiba hiyo ndiyo inayooza upesi udongo unapokosa hewa. Badala ya kuchimba kwenda chini, mzee wangu, jenga kwenda juu. Inua tuta la sentimita 30 hivi juu ya ardhi, ulizungushie mawe au matofali yaliyobaki kwenye ujenzi, na ulijaze mchanganyiko wa udongo mwekundu sehemu mbili, samadi iliyokwisha kuoza sehemu moja, na mchanga wa mto sehemu moja. Chini ya tuta usiweke karatasi ya nailoni; lainisha tu ardhi kwa uma wa bustani na kuacha mteremko mdogo ili maji yatoroke upande mmoja. Panda miche ikiwa imeachana sentimita 20 hadi 30, na sehemu ile nene ya chini ifunikwe na udongo kidogo tu.

Ile miche mitatu iliyonusurika, ing'oe sasa hivi, uoshe mizizi, ukate kila kilicho laini na cheusi, uiache kivulini siku moja ili majeraha yakauke, ndipo uihamishie kwenye tuta jipya. Katika majuma mawili ya kwanza uimwagilie kwa kiasi. Ikishashika, kumwagilia vizuri mara moja kwa juma wakati wa kiangazi kunatosha, jambo ambalo wakazi wenzako wanaosubiri siku ya mgao wa maji wakiwa na mitungi watalifurahia. Msimu wa masika usimwagilie hata kidogo.

SWALI: Mimi naishi katika gorofa ya tatu huko Pangani, na roshani yangu inaelekea kusini. Mmea wangu uko katika ndoo ya plastiki niliyoitoboa chini. Ulitoa maua mengi kuanzia Novemba hadi Februari, nikafurahi sana, lakini tangu mwezi wa tano haujatoa hata bua moja. Majani yapo, ni ya kijani kibichi na marefu, tena yanalala. Nimeongeza mbolea mara tatu lakini wapi! Je, ndoo ni ndogo? – Msomaji, Pangani

JIBU: Ndoo haina hatia. Barua yako imenipendeza kwa sababu umetaja upande ambao roshani inaelekea, jambo ambalo wengi hawalitaji, na ndani ya neno hilo moja mna jibu zima.

Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kiasi cha digrii moja na robo. Maana yake ni kwamba jua la hapa halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia karibu na mwisho wa Septemba hadi katikati ya Machi, jua la mchana hupita upande wa kusini wa anga, na katika Desemba huchomoza na kutua likiwa limeegemea kusini kabisa, hivyo roshani yako hupata miale ya asubuhi na ya jioni. Kuanzia katikati ya Machi jua huhamia kaskazini, na Juni linapofika mwisho wa safari yake upande huo, jengo lenu lote linasimama kati ya jua na ndoo yako. Ongeza juu ya hayo mawingu mazito ya Juni hadi Agosti, yale yanayotufanya tuvae sweta mchana, na utaona kwamba mmea wako umekuwa ukiishi katika kivuli kwa miezi kadhaa. Kitunguu saumu cha maua hutaka jua la moja kwa moja kwa saa sita hivi kila siku ili kitoe maua kwa wingi. Kivulini hakifi, lakini hurefusha majani kutafuta mwanga, majani yakawa laini, yakalala kama ulivyoeleza.

Mbolea nayo imezidisha tatizo. Mbolea ya kukuzia, kwa mfano ile yenye naitrojeni nyingi ambayo watu huwekea sukuma wiki, huuambia mmea utengeneze majani, nawe umeuambia mara tatu. Acha mbolea kabisa hadi Oktoba. Kisha weka konzi moja ya mboji juu ya udongo, na hiyo itatosha msimu mzima.

Kama jengo lenu lina paa la wazi ambako watu huanika nguo, omba ruhusa uipandishe ndoo huko kuanzia Aprili hadi Septemba. Kama una jirani wa upande wa kaskazini mnayeelewana, mnaweza kubadilishana: yeye akutunzie miezi hiyo, nawe umtunzie yake kuanzia Oktoba. Najua mabinti wawili wa Ngara wanaofanya hivyo na vyungu vyao, na vyungu hivyo vinasafiri kwenye ngazi mara mbili kila mwaka kama watu wanaoenda likizo mashambani. Usipopata mojawapo ya haya, kubali kwamba una mmea wa majani katika nusu moja ya mwaka na mmea wa maua katika nusu ya pili. Majani yenyewe, hata yakiwa marefu na laini, yanalika vizuri.

SWALI: Bei ya kitunguu saumu imenishinda. Je, nikipanda huu wa maua, nitavuna vitunguu vya kusaga na tangawizi? – Mama wa watoto wanne, Umoja

JIBU: La, mama. Chini yake hakuna vichwa vyenye punje kama vile unavyonunua Marikiti. Kuna shina nene tu, na ukiling'oa ili ulipike umejinyima majani ya miaka mingi ijayo. Faida yake ni ya namna nyingine. Kitunguu saumu halisi unakipanda, unakingoja miezi mitano au zaidi, unang'oa, basi. Hiki cha maua unakichuma jani leo, na baada ya majuma machache jani jingine limechukua nafasi yake, mwaka baada ya mwaka. Kwa mchuzi wa nyama wa Jumapili utaendelea kununua kitunguu saumu cha kawaida. Kwa mayai ya asubuhi na kachumbari, vichaka vitatu vitakupunguzia gharama.

SWALI: Naomba kueleweshwa jinsi ya kuupika, na kama ni kweli kwamba unashusha presha. Mume wangu ana presha na jirani amemshauri atafune majani kumi kila asubuhi. – Msomaji, Buruburu

JIBU: Nianze na presha, kwa kuwa viazi vinaweza kungoja. Majani kumi kila asubuhi ni mengi mno, na nakuomba umzuie. Watu wa Afrika Kusini wameutumia mmea huu kama dawa ya kienyeji kwa mafua, homa na kifua tangu zamani, lakini hao hao ndio waliotuachia onyo kwamba ukitumiwa kupita kiasi huleta maumivu makali ya tumbo na kuchafuka kwa matumbo. Kiungo cha chakula na dozi ya dawa ni vitu viwili tofauti. Mumeo aendelee na vidonge alivyoandikiwa na daktari na asiache hata kimoja kwa sababu ya mmea wa bustanini. Na kama anataka kuula kwa wingi zaidi ya ule wa kunogesha chakula, amwambie daktari kwanza.

Sasa jikoni. Majani machanga ndiyo matamu. Yaliyokomaa huwa na nyuzi na ukali unaobaki kooni. Yakate madogo sana kwa kisu kikali, dakika ileile ya kuyatumia, kwa maana harufu iliyozaliwa kisuni haikai. Moto nao huiua upesi. Kwa hiyo usiyakaange pamoja na kitunguu maji mwanzoni mwa mapishi, kama ulivyozoea kufanya na kitunguu saumu, bali yatie mwishoni kabisa, sufuria ikishaepuliwa. Juu ya viazi vilivyopondwa na maziwa, juu ya maharagwe ya nazi, ndani ya mayai ya kukaanga yakiwa bado yanatetemeka, au katika kachumbari badala ya nusu ya kitunguu: huko ndiko yanakong'aa. Mukimo nao huyapokea vizuri, ingawa bibi yangu angeninyang'anya mwiko kwa kusema hivyo.

Maua pia yanaliwa. Yana utamu kidogo mwanzoni, kisha ukali wa pilipili mbichi unafuata, na yakitawanywa juu ya saladi ya parachichi na nyanya mezani panapendeza kuliko gharama yake. Yachume asubuhi umande ukishakauka, uyakung'ute ili wadudu watoke, na utumie vikonyo vifupi vya maua badala ya bua lenyewe, ambalo ni gumu. Wengi husema kwamba mmea huu hauachi harufu mdomoni kama ule mwingine, na inasemekana jina lake moja la Kiingereza limetokana na sifa hiyo, yaani kitunguu saumu cha kuliwa mbele za watu. Mimi nimekula nikapanda matatu kwenda mjini, na aliyeketi kando yangu alifungua dirisha. Pima mwenyewe.

SWALI: Je, ni kweli unafukuza nyoka? Tumehamia Ongata Rongai na kiwanja kimepakana na kichaka. – Msomaji

JIBU: Wazulu wamekuwa wakiupanda kuzunguka nyumba zao kwa kusudi hilo, na imani hiyo imesafiri na mmea hadi kwetu. Sitaki kudharau ujuzi wa watu walioishi nao kwa vizazi vingi, lakini sitamlaza mtoto wangu nikitegemea mstari wa maua. Fyeka nyasi ndefu, ondoa marundo ya mawe na kuni yaliyo karibu na ukuta, hifadhi nafaka mahali ambapo panya hawafiki, kwa sababu nyoka humfuata panya, na uzibe nafasi iliyo chini ya mlango. Ukimaliza hayo, panda mstari wako.

SWALI: Kamati ya mtaa wetu hapa South B imepokea malalamiko ya harufu. Tumepanda mmea huu pande zote mbili za njia ya kwenda kwenye lango, na wakazi wanasema pananuka kama jikoni la hoteli. Tung'oe? – Katibu wa kamati

JIBU: Msing'oe, hamisheni. Mmea wenyewe haukosi adabu. Ni sisi tunaouchokoza. Mahali ambapo watoto hucheza mpira, ambapo mtunza bustani hupitisha mashine ya kukata nyasi ikagonga majani, au ambapo njia ni nyembamba na kila mpita njia huyafagia kwa mguu, harufu haitaisha. Mvua ya mawe nayo huivumisha kwa siku nzima. Hamishieni vichaka kwenye kona zenye jua ambazo hazipitwi, mita mbili au tatu kutoka madirishani, na kando ya njia mpande kitu kisicholipiza kisasi kinapokanyagwa. Mkitumia vichaka vilivyopo tayari, kazi ni ya asubuhi moja, na gharama ni chai ya mtunza bustani.

SWALI: Nina mbwa wawili wadogo ambao hutafuna kila kitu. Kuna hatari? – Msomaji, Kileleshwa

JIBU: Ndiyo. Vitunguu vya kila aina huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na mmea huu una viini vya salfa vya jamii hiyo. Harufu huwazuia wengi, lakini mbwa mchanga hana hekima. Weka vyungu juu au uzungushie wavu, na ukiona mmoja wao ametafuna kiasi kikubwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja ufizi ugeuke kuwa mweupe.

SWALI: Nina kichaka kimoja kikubwa, cha ile aina yenye majani ya mistari myeupe, na kwa miaka miwili kimepungua maua. Kimetoa mbegu nyeusi. Nataka kuongeza miche niiuze kando ya barabara. Nipande mbegu au nigawanye? – Kijana wa Kawangware

JIBU: Gawanya. Mbegu huota bila shida ukizitawanya juu ya udongo laini wenye unyevu na kuzifunika kidogo tu, ila zina kasoro mbili kwa mfanyabiashara: utangoja hadi mwaka wa pili au wa tatu kuona ua la kwanza, na miche itakayotokana na mama mwenye mistari kwa kawaida haitarithi mistari hiyo. Mteja aliyelipia majani ya mistari akapewa ya kijani atarudi kwako, na hatarudi kununua.

Kupungua kwa maua ndiko kunakokuambia kwamba kichaka kimebanana. Baada ya miaka miwili au mitatu vichipukizi vya ndani hukosa nafasi na chakula, na dawa yake ni kisu. Subiri mvua za kwanza, ama mwisho wa Machi ama Oktoba, ili miche mipya ishike bila wewe kununua maji. Kinyweshe kichaka jioni ya kuamkia kazi, kisha asubuhi ukichimbue chote kwa uma wa bustani, ukikung'ute udongo, na ukitenganishe kwa mikono pale kinapokubali na kwa kisu safi pale kinapokataa. Kila kipande kiwe na vichipukizi vitatu hadi vitano pamoja na mizizi yake. Kipande cha kichipukizi kimoja kitaishi, lakini kitakuchelewesha sokoni. Fupisha majani hadi nusu ili yasinyonye maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta, na hayo uliyoyakata uyapeleke jikoni.

Ukikuta kati ya vipande kimoja ambacho majani yake yamerudi kuwa ya kijani kitupu, kitenge kando, kwa kuwa kina nguvu kuliko wenzake na kikiachwa kitawafunika. Kiuze kama aina ya kawaida, kwa bei ya kawaida. Panda vilivyobaki katika mifuko ya miche au makopo yaliyotobolewa, uviweke mahali penye kivuli chepesi kwa siku kumi, kisha uvitoe juani hatua kwa hatua. Kichunguze kila kipande nyakati za jioni kwa ajili ya konokono na koa, ambao hupenda miche michanga ingawa hawaugusi sana mmea mzima, na vidukari wakionekana kwenye bua la ua, wasugue kwa vidole chini ya bomba. Usiupeleke mche barabarani kabla haujatoa angalau majani mapya manne, na uweke chungu kimoja chenye ua mbele ya kibanda chako, pamoja na jani lililovunjwa kando yake, ili mteja anuse kabla hajauliza bei.